Si kila RunX itakuwa mali, ila ipo moja

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua kuhusu magari yanayouzwa leo kwa bei ya kutupa ambayo miaka 15 ijayo watu watayatafuta kwa tochi. Mjadala huu umejaa vijiweni, na wengi wanakosea hatua ya kwanza kabisa: wanatazama gari lililo ghali. Gari ghali hufunikwa turubai tangu lilipotoka bandarini, kwa hiyo miaka ikipita hubaki mengi na mazuri. Linaloadimika ni la bei nafuu, linalopendwa na vijana, na linalouawa kwa kasi.

Ushahidi uko hapa hapa kwetu. Datsun 1600 SSS ilishinda Safari Rally mwaka 1970. Peugeot 504 ikashinda 1975, na kupe yake ya V6 ikarudia 1978. Pamoja na sifa hizo, 504 ilibaki gari la kazi. Ilibeba abiria na mizigo Kenya nzima mpaka sakafu zikaoza. Leo iliyobaki na bodi yake ya asili utaiona kwenye maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, au utasikia inaandaliwa kwa ajili ya Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003. Japani nako, Corolla AE86 ya 1983 hadi 1987 ilikuwa gari la kijana asiye na hela. Vijana wakaitelezesha kwenye kona za milimani mpaka zikaisha. Bei ilipopaa, Toyota yenyewe ikatangaza mwaka 2021 kwamba inarudia kutengeneza baadhi ya spea zake.

Sasa tazama yadi na mitaa yetu. Toyota RunX zimejaa, na nyingi ni NZE121 zenye injini ya 1NZ ya lita 1.5. Hizo ni gari nzuri za kwenda kazini, hazitakuwa kitu kingine. Ya kutafuta ni ZZE123, yaani RunX Z Aero Tourer, pamoja na pacha wake Allex RS180. Ndani yake kuna injini ya 2ZZ-GE, lita 1.8, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha, inayotoa nguvu farasi 190 bila turbo, na baadhi zina boksi la gia sita la mkono. Lotus walichukua injini hiyohiyo wakaifunga kwenye Elise. Kwa hiyo ukiuza RunX Z kama RunX ya kawaida, na watu wanafanya hivyo kila wiki, aliyenunua anacheka njia nzima.

Usiamini nembo ya nyuma. Nembo zinauzwa Kariakoo. Fungua boneti, soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria, kisha usome kibati cha modeli: kinataja injini na namba ya rangi. Linganisha na kadi ya gari. Kama kadi inasema 2ZZ na chini ya boneti kuna 1ZZ ya kawaida, ondoka, maana thamani yote ilikuwa kwenye injini iliyokwisha kuuzwa.

Hii 2ZZ ina tabia zake, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Kamshafti ina migongo miwili ya kusukuma valvu: mdogo wa mwendo wa kawaida, na mkubwa unaoingia kazini injini ikifika mizunguko kama 6,200 kwa dakika. Kinachoubadilisha ni shinikizo la oili. Ijaribu injini ikiwa imepata moto kamili, kwa sababu ikiwa baridi mgongo mkubwa hauingii kabisa. Weka gia ya pili, barabara ikiwa wazi, kanyaga mpaka upite 6,200. Sauti inabadilika ghafla, inakuwa kali, na gari linavuta upya. Usiposikia badiliko hilo, anza na kijiti cha oili: ikipungua, mgongo mkubwa hauingii. Ikiwa sawa, safisha chujio dogo la valvu inayoongoza oili. Bado? Fungua kava la tapeti utoe bolti mbili zinazopitisha oili kwenye mihimili ya roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu. Kwenye injini za mwanzo bolti hizo hulika, shinikizo likapotea njiani. Toyota ilizirekebisha baadaye. Ni kazi ndogo: bolti mbili mpya na gasketi ya kava, lakini tumeona watu wakiuziwa injini nzima kwa ugonjwa huo.

Ugonjwa mkubwa ni mwingine. Dereva anatoka gia ya tano anataka ya nne, mkono unaingia ya pili. Injini inapandishwa mizunguko isiyoiweza, meno ya pampu ya oili yanapasuka, na dakika chache baadaye beringi zimekwisha. Na silinda zake hazichongwi kama za injini nyingine: kuta zake ni za mchanganyiko maalumu wa aluminiamu, mashine za kawaida za kuchonga silinda hazizifai, na ringi za kawaida hazikai humo. Ndiyo maana 2ZZ nzima inazidi kupungua duniani. Iwekee oili ya 5W-30, lita 4.4 pamoja na chujio, na kijiti kitazamwe kila wiki, maana injini hii ikikimbizwa inakula oili.

Altezza inajulikana zaidi, ila nayo ina mtego uleule. AS200 ina injini ya 1G-FE ya silinda sita na nguvu 160. Ni tulivu, haitapanda bei sana. Inayotafutwa ni RS200, chesisi SXE10, yenye 3S-GE ya toleo la mwisho, nguvu 210 kwenye gia za mkono. Nje ya Japani gari hilo liliuzwa kama Lexus IS likiwa na injini za silinda sita, kwa hiyo RS200 zote zilizoko Dar, Nairobi au Kampala zilipitia mikononi mwa Wajapani. Marekani huruhusu gari la nje lisilokidhi viwango vyao likishatimiza miaka 25, na Altezza za kwanza, za Oktoba 1998, zilitimiza umri huo mwaka 2023. Kwa hiyo minadani Japani sasa tunagombania na watu wenye dola.

Ugavi wa kwetu umefungwa kwa sheria. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Altezza ya mwisho ilitoka 2005, RunX 2006. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikatazi, ila ushuru wa uchakavu huanza gari likizidi miaka 8 na huongezeka likizidi 10, na kwa gari la bei ndogo ushuru huo unaua hesabu. Kwa kifupi, zilizopo ndizo hizo. Na kila mwezi nyingine inakatwa springi, inapachikwa bampa la plastiki, inatolewa 3S-GE inawekwa injini ya 1JZ ya kuchoma tairi. Furaha ni ya mwenye gari, hatumwingilii. Tunachosema ni kwamba iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani inazidi kuwa chache, na hiyo ndiyo itakayolipiwa.

Ukinunua ya kutunza, bodi ije kwanza, injini baadaye. Injini hupatikana, chesisi iliyooza haipatikani. Kwa magari yaliyokaa Tanga, Dar au Mombasa, inua zulia la buti utazame shimo la tairi la akiba, bandua raba ya mlango kwa chini, pitisha vidole ndani ya ukingo wa matao ya matairi ya nyuma. Rangi iliyofura kama lengelenge ina tundu chini yake. Lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne lipandishwe kabisa juu ya jeki, kwa sababu mengi yalitoka mikoa ya theluji ya Japani ambako barabara humwagiwa chumvi. Kama muuzaji bado ana karatasi ya mnada, isome: U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, XX ni paneli iliyobadilishwa. Daraja R maana yake liligongwa likatengenezwa. Karatasi hiyo, cheti cha kusafirisha kinachoonyesha kilometa, na risiti za spea viweke pamoja. Mita hurudishwa nyuma, lakini mafaili ya Japani hayarudishwi.

Vitu vidogo ndivyo vitakavyokutesa: taa za nyuma za Altezza, mita yake yenye sura ya saa ya mkononi, klipu za dashibodi, raba za vioo, vitambaa vya siti. Nunua sasa, wakati gari zilizogongwa bado zinachinjwa Ilala. Chukua na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ya akiba yenye namba ileile.

Je, za kisasa zaidi? Tungetaja Suzuki Swift Sport ZC33S ya gia za mkono, iliyoanza 2017: kilo 970, turbo ya lita 1.4, nguvu 140. Uzito huo hautarudi kirahisi kwenye gari jipya. Mafuta yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo masizi hujikusanya nyuma ya valvu za kuingiza hewa, kama ilivyo kwa injini ya 4GR ya Mark X. Mark X yenyewe, pamoja na mapenzi yote ya mjini, ni nyingi mno, na karibu zote ni otomatiki. Aqua ni gari la maana kwa mafuta, lakini betri yake ya haibridi ikichoka hakuna anayeitunza kwa mapenzi.

Ombi letu kwako ni dogo. Kwenye kurasa za matangazo ya magari, mtakeni muuzaji aandike msimbo wa chesisi, injini na aina ya gia badala ya "RunX safi, namba D". Msomaji ataona mwenyewe ZZE123 iko wapi, na muuzaji asiyejua alichonacho naye atafungua boneti kwa mara ya kwanza.

Ni sisi,
Mafundi wa magari, Gerezani,
Dar es Salaam