Shukrani kwa muuguzi wa zamu ya usiku

Mume wangu ni mvuvi. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018, alikuwa miongoni mwa waliotoa miili majini. Tangu hapo hakulala bila gongo. Akisikia injini ya boti usiku, anaruka kitandani akiita watu. Ndugu walisema ni mlevi tu.

Mwaka huu nilimwaga pombe yote. Siku ya pili mikono ilitetemeka hadi kikombe kikamponyoka, shuka likalowa jasho. Nikamkimbiza zahanati.

Dada, hukumkaripia. Ulimshika mkono ukamuuliza, "Unaota nini, kaka?" Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mimi. Ukanieleza kwamba aliyezoea pombe akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Ukapiga simu hospitali, ukatafuta gari, ukamwachia mwenzako zamu, ukapanda nasi. Kwenye karatasi ya rufaa uliandika vyote viwili, pombe na jinamizi, vitibiwe pamoja. Jumapili mbili ukaja nyumbani, viatu mkononi kwa matope, kuuliza kama amelala.

Huu ni mwezi wa tano hajanywa. Ndoto bado zinamjia, ila sasa ananisimulia. Mwenye ndugu kama huyu, tafadhali muulize anaota nini kabla ya kumwita mlevi.

Asante sana, dada yangu.