Shoga yangu, kanga za Mama zimezua jambo

Shoga yangu wa Ngamiani,

Assalaam alaykum. Hujambo, watoto hawajambo, mzee presha yake imeshuka? Sisi huku Lexington hatujambo alhamdulillah, baridi ndio inaanza kung'ata. Najua nimekaa kimya tangu Idi na una haki ya kununa, ila ninunie baadaye, leo nina shida. Nimeona niandike maana voisi ingekuwa ya dakika arobaini, na hili sitaki ulisikilize kwa spika hapo barazani.

Umeiona ile picha ya viraka vya kanga niliyoweka stetasi Alhamisi? Kama hujaiona basi Da Mwana kaiona. Kaivuta kwa vidole, kaisoma, kanipigia saa tisa ya usiku huku. Kasema neno moja tu, "Umemkata Mama," akakata simu. Tangu hapo meseji zangu tiki moja. Sijui kanibloku sijui kazima simu, mie sijalala vizuri siku nne hizi.

Ngoja nikueleze toka mwanzo maana nataka wewe ndio uende kwake.

Zile kanga za marehemu Mama alizokuja nazo Mama Rukia baada ya arobaini unazikumbuka, si wewe ulikuwepo zikigawanywa, Da Mwana mwenyewe alinitengea akasema hizi za wa Marekani. Miaka miwili zimekaa kwenye sanduku, nikifungua nanusa udi nafunga. Sasa Zuhura anaolewa mwezi wa nne inshaallah, nikafikiri mtoto huyu bibi yake kamjua kwa simu tu, nimpe kitu cha bibi yake ajifunike nacho. Kanga saba ndani ya sanduku hazimfuniki mtu. Ndio nikaamua kushona kwilti, hili shuka la viraka la huku nilokwambia, juu viraka, katikati pamba, chini bitana, halafu unashonea tabaka zote tatu zishikane.

Kwa hiyo nikaingia kwenye kikundi cha washonaji pale maktaba ya mtaani kwetu, kila Alhamisi jioni. Wamama kama kumi na mbili, wengi wameshastaafu, wamenipokea vizuri mno, wameniazima mkasi, wameniletea supu nilipoumwa. Lakini shoga ugomvi wa vitambaa usiuone mdogo! Wanapendana kabisa na hakuna jambo wanalokubaliana. Siku ya kwanza tu nimetoa kanga, mmoja ananiambia zifue kwanza, pamba inarudi, na nyekundu inachuja itakuharibia nyeupe yote, mwingine anasema usifue, kitambaa kikavu chenye wanga kinakatika vizuri, na ukija kufua ikishakwisha ndio inajikunja mikunjo ile mizuri ya kizamani. Wakaanza kutajiana kwilti zilizoharibika za mwaka gani na mwaka gani. Mie nikawaambia kanga mpya lazima uifue, yetu tunaijua, na hizi Mama kazifua mwenyewe miaka na miaka hazina rangi ya kuchuja tena. Ikaisha hapo. Halafu ikaja pasi, mshono ulazwe upande wa kitambaa cheusi usionekane kupitia cheupe, au ufunguliwe katikati ulale bapa? Dakika ishirini nzima, na pasi inaungua mezani!

Sasa hilo la kukata. Huku kuna bibi mmoja anaheshimika, mie namwita Bibi wa Subana kwa sababu subana, kile kikofia cha kidole cha kushonea, haitoki kidoleni hata akinywa kahawa. Yeye kanuni yake viraka vyote inchi sita na nusu, vikishonwa vibaki sita kamili, maana mshono unakula robo inchi kila upande. Nilikuwa napiga pasi, dada mmoja kwa moyo mzuri kabisa akasema ngoja nikusaidie, akaweka rula, akapitisha kile kisu chao cha gurudumu, kanga ya "Nani kama mama", ile ya kahawia aliyokuwa akijifunga Mama akienda hospitali. Huyo dada Kiswahili hajui, kwake zile herufi ni maua tu. Nageuka naona viraka vitatu vimepangwa, kimoja NANI, kimoja KAMA, cha tatu kimeishia MA. Na ile MA nyingine hakuna.

Nikaenda kwenye kapu la vipunguo. Nikachambua, nyuzi, vipande vya maua, vipande vya watu wengine, nikaipata chini kabisa. Kipande kama kadi ya vocha, M imekatwa mguu mmoja, A nzima, na pembeni bado kuna lile doa la chai. Lile doa nalijua mimi, chai niliimwaga mimi nyumbani kwako siku ya hitima ya Babu! Nikakaa chini nikalia mbele za watu. Yule dada naye akalia.

Na picha nilikuwa nimeshaipiga kabla sijaligundua hilo, nilipiga ukuta wa flana tunaobandikia viraka, kwa furaha kwamba kazi inasonga. Ndiyo hiyo aliyoiona Da Mwana.

Basi hapo ndipo kikundi kilipogawanyika kweli. Bibi wa Subana anasema maandishi ni sehemu ya chapa, kwilti ni mpangilio, ukianza kuhurumia kila ua hutokata kitambaa. Nikamwambia bibi yangu, hii si chapa, hili ni jina la kanga, kwetu mtu anachagua kanga kwa jina, anamtumia mwenziwe ujumbe, anamkanya, anamwomba radhi, kanga ina pindo na ina mji na ina jina, ukiondoa jina umebaki na kitambaa. Akanisikiliza lakini sikumwona akishawishika. Kuna wawili wakawa upande wake, kwamba nikitaka maneno yasome nidarizi upya. Nidarizi upya! Herufi za Mama zipo halafu niandike zangu?

Aliyenishika mkono ni mama mmoja Mmarekani mweusi, ukoo wake watu wa Alabama. Akawasimulia tena habari za Gee's Bend, kijiji kwenye kona ya mto Alabama, wanawake wa kule walikuwa wanashona kwilti kwa nguo zilizochakaa, suruali za shambani, magoti yamepauka na pale mfuko ulipobanduliwa bado pana rangi yake ya mwanzo. Pembe hazikutani, mistari inakwenda inavyotaka, na kwilti hizo hizo mwaka 2002 zilitundikwa jumba la makumbusho la Whitney kule New York na 2006 posta ya Marekani ikazitolea stempu. Akasema kuna mmoja wao, Missouri Pettway, mumewe alipofariki, mwaka 1942 alichukua nguo zake za kazi akazishona kwilti ili ajifunike nazo. Shoga, nikamwona Mama, nikaona na kapu la vipunguo. Nikasema mwanamke yule angenielewa bila mkalimani.

Na mimi nikawaambia letu, kwamba kanga yenyewe tulivyosimuliwa ilianza kwa viraka, wanawake wa Unguja walinunua leso za Wareno zikiwa hazijakatwa moja moja, wakaziunga tatu juu tatu chini wakajifunga, ndio maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Wakanyamaza. Bibi wa Subana akavua miwani akaomba aishike ile ya Mama, akaipitisha kidole pale penye vile vierufi vidogo, K.H.E. Mali ya Abdulla, akauliza Abdulla ndiye baba yako? Nikamwambia hapana, ni duka la Mombasa. Akasema, basi hata dukani mnaandika majina. Nilimpenda hapo, ingawa hatukubaliani.

Ile MA nimeshairudisha. Nisingeweza kuiunga kwa mshono wa kawaida, mshono ungekula herufi, nikaviweka vipande viwili juu ya kitambaa kingine vikagusana kingo kwa kingo, nikavishonea pembeni kwa mkono, uzi wa kahawia, vishono vidogo kama punje za mtama. Inasomeka. Mguu wa M una kovu lakini inasomeka. Mwambie Da Mwana inasomeka, tafadhali.

Sasa imebaki vita ya mwisho, na hii ndiyo iliyonikosesha raha kuliko zote, kwamba tabaka zishikanishwe kwa mkono au kwa mashine. Huku kuna mashine kubwa ya mkono mrefu, fremu yake inajaza chumba, unampelekea mtu kwilti yako anakuchaji kwa inchi ya mraba. Yangu ni inchi 54 kwa 72, kwa senti tatu inakuja kama dola 117, na wiki mbili imekwisha. Kwa mkono ni miezi. Bibi wa Subana anasema ukiipeleka mashine si yako tena, ni ya mwenye mashine, na anataka vishono kumi kwa inchi, mimi nafikisha vitano au sita. Mwenzake anayemiliki mashine anamwambia mambo hayo yaliisha 1989, kwenye maonyesho makubwa ya Paducah, hapa hapa Kentucky, Caryl Bryer Fallert aliposhinda tuzo kuu kwa kwilti iliyoshonewa kwa mashine, ya kwanza kushinda namna hiyo. Wanavyoitaja utafikiri ni juzi. Ule mwaka mimi na wewe tulikuwa madrasa!

Mwezi uliopita walitupeleka Paducah kwenye makumbusho ya kwilti, mwendo wa masaa kama manne, nikaangalia za mkono na za mashine kwa karibu mpaka mlinzi akaniomba nirudi nyuma. Nikuambie ukweli, za mashine zilinishangaza, zile zinahitaji jicho na mkono pia, anayesema si kazi ya mtu hajasimama mbele yake. Kwa hiyo simo kwenye kundi la kusema mashine ni uvivu. Lakini hii yangu hapana. Mashine ingepita juu ya majina yote saba kwa mtindo mmoja wa mawimbi, huku nataka kila jina lizungushiwe polepole libaki limetuna kidogo, Zuhura akipapasa gizani alisikie kidoleni.

Halafu kuna kisutu. Kisutu cha Mama cha harusi sikikati. Hilo nimeliapia. Nimewaambia kitakuwa bitana, pande zote mbili zimeungwa nzima nzima, ni kama inchi 59 kwa upana, inaifunika kwilti yote. Mwenye mashine akaniambia haitoshi, mashine inataka bitana izidi inchi nne kila upande, niongeze kitambaa cheupe pembeni. Kwa mkono haihitaji. Basi, nikaona jibu nimeshapewa. Nitashona kwa mkono, usiku baada ya kazi, vishono vitano kwa inchi, na Bibi wa Subana akitaka kuhesabu ahesabu.

Sasa ninachokuomba. Nenda kwa Da Mwana. Usimpigie, nenda, ijumaa baada ya swala anakuwepo, mpelekee vileja ndio mazungumzo yanaanza vizuri. Mwambie sikumkata Mama kwa dharau. Mwambie lile la gurudumu lilitokea nikiwa nimegeuka, ila kosa nalibeba mimi, kanga zilikuwa mikononi mwangu, nilitakiwa nikae nazo. Mwambie kisutu kizima. Na unakumbuka ile "Nani kama mama" ilikuwa upande mmoja tu kwenye sanduku langu, upande wa pili alibaki nao yeye. Upande huo siuombi niukate, wallahi. Ninaomba aje nao kwenye harusi ajifunge, Zuhura akiwa na kwilti na khaloo yake amevaa mwenzake wa kanga ile ile. Kama nauli ndiyo inamzuia mimi na mume wangu tumeshaliongea, ila usimwambie hilo mwanzo, utamjua mwenyewe ukiona uso wake.

Na wewe niambie bila kunificha. Ulipoiona picha ulionaje, na wewe uliona nimekosea? Bibi yako anasemaje kuhusu kukata kanga ya marehemu, kuna neno lolote au ni sisi tu tunavyoumia? Da Mwana kasema nini mtaani, Mama Rukia ameshasikia? Unakumbuka ile ya kijani jina lake lilikuwa nani, limepauka nasoma "usi" halafu hakuna kitu, Mama aliinunua nawe dukani barabara ya nane au nachanganya? Na kuna duka bado linauza nyuzi za pamba nene, za huku nyembamba na bei juu, utanitumia bunda mbili na mtu anayekuja?

Nijibu kabla ya Alhamisi tafadhali, maana Alhamisi tunatandaza tabaka zote tatu sakafuni pale maktaba na kupiga bandi, na sitaki kuanza Da Mwana akiwa hajanisemesha.

Wako shoga yako,
Mama Zuhura