Kinyago hicho umekitoa wapi?

Mwanangu,

Mama yako amenisomea ujumbe wako mara mbili. Macho yangu siku hizi hayawezani na herufi za simu. Kwa hiyo patasi umeweka chini, unafungua duka, na Ijumaa unapanda ndege kwenda Geneva na mzigo wa vinyago. Sikukatazi. Nikukataze kwa mdomo upi, nami niliacha tezo nikiwa na umri wako, nikakaa soko la vinyago la Mwenge kuuza jasho la wenzangu?

Ila hicho cha mapiko, cha kuvaliwa usoni kwenye ngoma ya Wamakonde, cha zamani, chenye nywele za mtu. Umekitoa wapi? "Nimekipata kusini" si jibu. Kile cha Makumbusho ya Taifa kiliibwa 1984, na mwaka uliofuata jumba moja la makumbusho la hukohuko Geneva likakinunua. Kilirudi 2010. Walionunua hawakuwa wezi, lakini aibu iliwakalia wao. Aliyekuuzia ni nani? Naye alikitoa kwa nani?

Mkono wako umeupita wangu, hilo nilishawaambia wote isipokuwa wewe. Ile ujamaa yako ya watu waliobebana, yule bibi wa chini aliyebeba ukoo mzima na mkunjo wa shingo yake, wageni watatu wameitaka nikagoma. Iko juu ya kabati. Haya, nenda ukaandike risiti kwa mkono huo. Basi ziandike kweli, na jina la mchongaji. Humu ndani nimeweka vinyago arobaini na kitu, na nusu yake siwezi kukwambia nani alichonga. Walikuja na njaa, nikalipa, sikuuliza.

Na usipeleke mti uliopakwa rangi ukauita mpingo. Mpingo huzama majini. Mteja mjanja ataomba ndoo. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishikia kopo la dawa ya viatu, nikikwambia tunang'arisha tu. Ulikuwa mdogo.

Stoo inavuja pale pembeni, nimehamishia vinyago vya mashetani chumbani kwako, usishtuke. Goti la mama yako limetulia. Mbuzi kazaa mapacha, mmoja hanyonyi. Hela uliyotuma imefika, nimenunua bati sita, misumari bado.

Nipigie kabla ya Ijumaa. Si salamu, jina la mtu huyo tu.

Baba yako