Dayodi Iliyoninyima Usingizi

Jinja, Jumapili usiku

Ndugu yangu Swaleh,

Salaam nyingi kutoka huku Bugembe. Mama hajambo, anauliza utashuka lini kutoka Arua. Mimi mzima, ila macho mekundu.

Unakumbuka ulivyonicheka niliposema nitaandika programu yangu mwenyewe ya kuigiza saketi? Nilidhani kazi iko kwenye kuchora, nikapoteza wiki tatu nikipamba betri na rezista, vile vipande vya kupunguza mkondo wa umeme, kwenye skrini. Kumbe ni hesabu tupu! Penye kila kiungo cha waya, mkondo unaoingia sharti ulingane na unaotoka, ile sheria ya Kirchhoff tuliyoikariri shuleni bila kuijali. Kila kiungo kina mlinganyo wake, unaipanga yote kwenye jedwali, kompyuta inatatua. Kiungo kimoja lazima kiwe ardhi, volti 0. Nilipokisahau, programu iligoma kabisa, na haki yake, maana volti hupimwa kutoka wapi?

Rezista mbili sawa kwenye betri ya volti 12, katikati nikapata 6. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka nje.

Nikaongeza dayodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Hapo ndipo kazi. Mkondo wake huongezeka mara kumi kwa kila nyongeza ya volti 0.06 hivi, kwa hiyo programu inabidi ikisie, ijisahihishe, ikisie tena, kwa njia ya Newton. Kisio lake likarukia karibu volti 12, kisha likawa linashuka volti 0.026 tu kila raundi. Nilikuwa nimeweka kikomo cha raundi 100. Ilihitaji zaidi ya 400. Kwa volti 24, kama sola ya pale msikitini, namba ikawa kubwa mno, ikaishinda kompyuta yenyewe. Siku mbili natafuta kosa la herufi, na umeme nao unakatika!

Dawa ni kuizuia volti ya dayodi isipande kwa pupa katika raundi moja. Hata SPICE, ile programu maarufu ya kuigiza saketi iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, ina breki ya namna hiyo.

Sasa programu yangu inanipa volti 0.72 kwenye dayodi. Nikaunga saketi hiyohiyo mezani, mita ikasoma 0.69. Dayodi yenyewe niliing'oa kwenye chaja mbovu, hata ukoo wake siujui, basi nimeridhika.

Zamu ya kapasita sasa, vile vipande vya kuhifadhi chaji. Ukishuka, niletee zile kubwa za redio ya marehemu babu.

Wako,
Juma