Sekunde kumi hazitoshi

Bwana Mhariri,

Wiki jana nilikuwa kwenye depo moja nje kidogo ya Lubumbashi, barabara ya Likasi. Mpimaji alipitisha kifaa cha Geiger, kile cha kupima mionzi, juu ya gunia la madini meusi ya kobalti, kikalia tik, tik, naye akasema, "Safi, pakia." Sekunde kumi hazikuisha.

Urani-238, madini ya mionzi yanayoweza kuchanganyika na kobalti, huchukua miaka bilioni 4.5 hivi ili nusu yake ioze, yaani atomu zake zibadilike zikitoa mionzi. Kifaa kinachosubiri atomu ioze ndipo kilie kinaona chache mno. Nyingine zimejikalia kimya guniani, au kisimani. Ipo njia ya kuhesabu atomu zenyewe. Kila isotopu, yaani aina ya atomu za elementi moja yenye uzito wake, hunyonya mwanga wa rangi yake hasa, kisha huurudisha. Leza ikilengwa kwenye rangi hiyo, kama unavyotafuta stesheni kwenye redio, atomu inayotakiwa hung'aa, jirani zake hazijibu. Huko Marekani, maabara ya Argonne hunasa hivyo atomu za gesi ya kriptoni-81, moja moja, na kukisia umri wa maji ya chini ya ardhi.

Sisemi kila depo inunue leza (bei yake ingemeza magunia yote). Lakini jimbo lenye mgodi wa Shinkolobwe, kulikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, 1945, linapimwaje kwa kupunga mkono? Maji ya visima vyetu yapelekwe maabara, walau mara moja kwa mwaka, na majibu yabandikwe kwenye ukuta wa komini.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi