Paa la bodi ya vibanzi lichorwe pamoja na fremu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wale wanaojitengenezea bodi ya lori ya kubebea vibanzi vya miti vinavyorushwa na mashine ya kukatakata matawi. Wengi wao huhangaikia sakafu na kuta, kisha chuma na fedha vikikaribia kuisha hufunika juu kwa bati lolote lililobaki. Kufanya hivyo ni hatari, kwa sababu paa ndilo linalozishika kuta zisitanuke, na kwa hiyo lapaswa kuchorwa pamoja na fremu nzima kabla chuma cha kwanza hakijakatwa.

Vibanzi vibichi vinaweza kufikia kilo 300 au zaidi kwa kila mita ya ujazo, na mzigo huo hausukumi chini tu, bali husukuma na kando. Mbele kuna ukuta unaozishikilia kona, lakini nyuma, penye mlango, nguzo mbili hutegemea boriti ya juu peke yake. Boriti hiyo mara nyingi ndiyo inayobeba bawaba za mlango, na ndiyo inayosokotwa bodi inapoinuliwa kumwaga mzigo mahali pasipo tambarare. Hapo fundi asibane matumizi hata kidogo: aweke bomba nene kuliko mengine yote, na kila kona aichomelee bamba la pembetatu, maana bila bamba hilo nguvu zote za msokoto huishia kwenye mshono.

Kuhusu paa lenyewe, wengi hutafuta nguvu katika unene wa bati. Tuchukue paa la mita 3 kwa 2. Bati la chuma la milimita 3 litakuwa na uzito wa kilo 141 hivi. La milimita 1.5 lina kilo 71, na pau tano za bomba la mraba la milimita 40, lenye kuta za milimita 3, zikipangwa kila baada ya nusu mita, huongeza kilo 34 tu. Paa hili la pili ni jepesi kuliko la kwanza, nalo ndilo litakalomhimili mtu akipanda juu au tawi likiangukia, kwa kuwa bati pana lisilo na pau hubonyea hata likiwa nene. Wepesi huo una faida nyingine, kwani kila kilo inayowekwa juu hulifanya lori liyumbe zaidi kwenye kona. Anayetaka ugumu zaidi aongeze kimo cha pau: bomba la milimita 60 kwa 40, likisimamishwa kwa upande wake mrefu, hukataa kupinda zaidi ya mara mbili na nusu kuliko la 40 kwa 40, ilhali uzito wake huzidi kwa takriban robo tu.

Pau zipindwe kidogo ili maji yatiririke. Sentimita moja ya maji yaliyotuama kwenye paa hilo ni kilo 60, tena kutu huanzia hapo hapo.

Ukingo wa mbele nao uchomelewe bila kuacha mwanya, kwa sababu lori likienda kilomita 80 kwa saa, upepo husukuma uso unaoukabili kwa nguvu ya karibu kilo 30 kwa kila mita ya mraba, na mwendo ukiongezeka maradufu nguvu hiyo huwa mara nne. Hata hivyo bodi isizibwe kabisa. Mashine hurusha hewa nyingi pamoja na vibanzi, na hewa hiyo ikikosa pa kutokea humrudishia vumbi anayelisha matawi. Matundu yenye wavu juu ya kuta za kando yanatosha.

Mwisho, bati lishikizwe kwenye pau kwa mishono mifupi inayoruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwani mshono mrefu wa mfululizo hulikunja kwa joto. Na kama bomba limepakwa zinki, tafadhali zinki hiyo ikwanguliwe kwanza mahali pa kuchomelea, na kazi ifanyike penye hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wake humletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye.

Wako,
Fundi chuma, msomaji wa gazeti hili