Yah: Mawe hai yaliyofia kwenye pipa la karakana yenu

Kwa Meneja wa Karakana,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mlipochukua tangi la maji chumvi lililokuwa mapokezi ya nyumba yangu ya wageni, hapa Forest, ili mbadilishe kioo kilichokuwa kinavuja, mlichukua na mawe hai yaliyokuwamo. Kwenye risiti mliandika wenyewe: "Kuhifadhi mawe hai, na pampu na hita za mteja." Ada ya kuhifadhi nililipa yote siku hiyohiyo. Mawe yamerudi yamepauka, yananuka yai viza, na samaki waliotiwa humo pamoja nayo wamekufa.

Nilipolalamika, fundi wenu alinijibu, "Mama, si mawe tu haya?" Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu.

Jiwe hai ni mifupa ya matumbawe ya kale, lina matundu kama sifongo, na ndani yake wanaishi bakteria. Walio juu, penye oksijeni, hugeuza amonia, sumu inayotoka kwa samaki, kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo. Walio ndani kabisa, pasipo na oksijeni, humalizia kazi kwa kuigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni. Juu yake kuna mwani mgumu wa zambarau, minyoo, konokono wadogo na vijidudu vingine vingi. Kwa hiyo mlichokabidhiwa ndicho chujio la tangi langu, na chujio hilo linapumua.

Kulitunza wakati tangi liko kwa fundi si kazi ya kitaalamu kiasi cha kuwashinda. Linatosha pipa safi la plastiki, maji ya bahari yenye chumvi gramu 35 hivi kwa lita, joto kati ya nyuzi 24 na 26, na pampu ya kuyazungusha maji mchana na usiku. Maji yakipungua kwa kukauka unaongeza maji baridi yasiyo na chumvi wala klorini, kwa sababu chumvi haikauki pamoja na maji. Unapima amonia, na ikipanda unabadilisha sehemu ya maji. Taa kali haihitajiki. Yote haya nilimweleza kijana aliyekuja na gari, naye akaitikia "sawa mama" kila nilipotua.

Nilipokuja karakana kuuliza tangi limefikia wapi, nikaomba kuyaona mawe. Pipa lilikuwa uani, limefunikwa kwa mfuniko wake, maji yametulia tuli. Pampu na hita zilikuwa kwenye boksi pembeni, na karatasi ya gundi niliyobandika mimi haijaguswa. Katika baridi hii ya Mbeya ya Juni na Julai! Umeme ungekuwa umekatika ningeelewa, hakuna asiyekatiwa. Lakini vifaa havikuwahi hata kuchomekwa. Na hapa tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji ya joto lilelile hushika oksijeni pungufu kuliko ya Dar es Salaam, na maji yaliyosimama huishiwa pumzi upesi. Ile harufu ya yai viza ni gesi ya maji yaliyokosa oksijeni, wala haitokani na "uchafu wa baharini" kama nilivyoambiwa.

Halafu kuna suala la chumvi. Kwenye hesabu yenu mmeandika "chumvi kilo 2", na kijana wenu akasema aliinunua dukani Mwanjelwa. Pipa ni la lita 200. Kilo 2 humo ni gramu 10 kwa lita, haifiki hata theluthi ya inayotakiwa. Tena ni chumvi ya kupikia, wakati maji ya bahari yana magnesi, kalsi, potasi na mengineyo ambayo chumvi ya kupikia haina ya kutosha. Kinachonikera zaidi ni kwamba maji mazuri ya tangi langu yangetosha kulijaza pipa hilo na kubaki. Vijana wenu waliyamwaga kwenye majani yangu ya uani, na majani nayo yamekauka.

Pamoja na kuyaona yakiwa hivyo, na mimi kuwaambia msiyaguse mpaka nitakapopata maji ya kuyasafishia, fundi aliyarudisha ndani ya tangi jipya nikiwa nimekwenda Tukuyu, akahamishia na samaki. Hao samaki walikuwa wazima kwenye beseni kubwa nyumbani kwangu muda wote huo. Vitu vilivyofia ndani ya mawe vikaendelea kuoza, amonia ikapanda, na kwa vile maji chumvi yana pH, yaani kipimo cha tindikali, ya juu kidogo ya 8, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali ya sumu kuliko ingekuwa kwenye maji baridi. Asubuhi wageni wangu walikuta samaki wanaelea.

Suluhisho mbili mlizonipa sizikubali. Ya kwanza, kuyachemsha mawe ili harufu iishe. Tafadhali mwambieni fundi asijaribu hilo kwa mteja yeyote: baadhi ya viumbe wanaoota kwenye mawe haya wana sumu iitwayo palitoksini, na watu wamewahi kulazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wa mawe yaliyochemshwa. Ya pili, kwamba mtanitafutia "mengine ya kuokota" pwani. Yangu yalioteshwa kwenye matangi na yalikuja na vibali. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti kwa vibali biashara ya viumbe walio hatarini, na mimi sitaki mwamba wa Mafia au wa kwingineko uvunjwe kwa ajili ya mapokezi yangu.

Ninachodai ni ada yote ya kuhifadhi irudishwe, mlipie samaki, na mlipie mawe mapya ya uzito uleule yenye vibali. Mawe yaliyopo nimeyasugua na kuyaweka kwenye pipa langu lenye pampu na hita, gizani, mpaka amonia na naitraiti zitakapofika sifuri. Chumvi ya bahari ninayotumia kubadilishia maji nayo iingie kwenye hesabu yenu. Ya kubadilisha kioo sina ugomvi nayo, kioo mmekifunga vizuri.

Nakala za risiti na picha za pipa nimeambatanisha. Nasubiri jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi huu, vinginevyo nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani. Pipa lenu liko stoo kwangu. Atakayekuja kulichukua apige simu kwanza.

Wenu,
Mteja, Forest, Mbeya